Barua ya wazi kwa watunga mitihani na waandishi wa vitabu vya Kiingereza: wafundisheni watoto kuripoti, si kugeuza

Waheshimiwa watunga mitihani, waandishi wa vitabu vya kiada na wakuza mitaala wa Afrika Mashariki,

Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe si la ofisini. Linawagusa watoto wa watu wengi, na wazazi wao wana haki ya kusikia ninachowaambia na mtakachonijibu.

Kazi yangu ni kuhariri habari, za Kiswahili na za Kiingereza, na sehemu kubwa ya habari ni maneno ya watu: mbunge kasema, mjane kaeleza, polisi wamekanusha. Vijana wanaokuja kuanza kazi kwetu wamefaulu Kiingereza, vyeti vyao navisoma. Ukiwapa sentensi ya kitabuni waiweke katika kauli ya taarifa, wanaigeuza bila kusita. Ukiwapa dakika kumi za mazungumzo ya mkulima wa korosho na kiongozi wa chama cha ushirika, ukawaambia waandike kwa Kiingereza nani alisema nini, wanakwama. Watu hawa wamefundishwa kauli ya taarifa kwa miaka, lakini kuripoti hawajui. Nasema kosa si lao. Ni la namna mada hii ilivyopangwa, na nina sababu zangu.

1. Zoezi lenu halina msemaji wala msikilizaji.

Vitabu vingi vinavyotumika madarasani vinaianza mada hii kwa jedwali. Upande mmoja "is", upande wa pili "was". "Will" inakuwa "would", "can" inakuwa "could", "here" inakuwa "there", "today" inakuwa "that day", "tomorrow" inakuwa "the next day", "ago" inakuwa "before". Chini yake zinafuata sentensi kumi, ya kwanza mathalani hii: "I will come here tomorrow," said Juma. Mwanafunzi anashuka na jedwali neno kwa neno, anaandika "Juma said that he would come there the next day", anapewa alama yake na darasa linasonga mbele.

Naomba niulize. Juma aliyasema haya wapi, na lini? Anayeripoti yuko wapi, na anamwambia nani?

Tuseme Juma alipita ofisini kwetu asubuhi akayasema hayo, nami namweleza mwenzangu mchana wa siku hiyohiyo, palepale ofisini. Hapo hakuna "there" wala "the next day". Mahali hapajabadilika na kesho bado ni kesho, kwa hiyo nitasema "Juma said he would come here tomorrow", au hata "he'll come here tomorrow". Tuseme tena Juma alisema hayo tukiwa Morogoro, nami namsimulia mtu nikiwa Dodoma wiki mbili baadaye. Sasa kila kitu kinahama: "he would go back there the next day", na hata "come" imenibidi niitafutie mwenzake, kwa sababu safari ya Juma haiji tena upande wangu. Na ikiwa wiki mbili zimepita lakini mimi bado nipo Morogoro, siku itahama na mahali patabaki: "Juma said he would come here the next day."

Sentensi moja ya Juma imetoa ripoti tatu, zote sahihi, na kila moja itakuwa kosa ikiwekwa mahali pa mwenzake. Kinachoamua ni umbali kati ya yule aliyesema na huyu anayesimulia, umbali wa saa na wa mahali. Hiyo ndiyo mada yenyewe. Jedwali limeificha, kisha likamwachia mtoto orodha ya maneno ya kukariri.

2. Kurudisha wakati nyuma mmekufanya amri, wakati Kiingereza chenyewe hakikuamuru.

Mpwa wangu yupo Kidato cha Pili. Katika daftari lake niliona sentensi hii: "My mother lives in Tanga," said Asha. Yeye aliandika: "Asha said that her mother lives in Tanga." Juu ya "lives" kuna mkato wa wino mwekundu, pembeni imeandikwa "lived", na alama ni sifuri. Mwalimu wake simlaumu, kwa kuwa alisahihisha kama mwongozo unavyomwelekeza.

Lakini mtoto alikuwa sahihi. Randolph Quirk na wenzake watatu walipochapisha A Comprehensive Grammar of the English Language mwaka 1985, walieleza wazi kwamba pale jambo lililosemwa linapokuwa bado ni kweli wakati wa kuripoti, msemaji anaweza kuurudisha wakati nyuma au kuuacha. Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum walisema hivyo pia mwaka 2002 katika The Cambridge Grammar of the English Language. Mkisema hivyo ni vitabu vya wasomi wa chuo kikuu, chukueni English Grammar in Use cha Raymond Murphy, kilichotoka mara ya kwanza mwaka huohuo wa 1985 na ambacho walimu wengi wanacho nyumbani. Nacho kinasema si lazima kila mara kubadili kitenzi. Tunamnyima mtoto wa Tanzania alama kwa sentensi ambayo Mwingereza anaisema kila siku.

Najua mtasema kwamba vitabu vyetu vina msamaha kwa ukweli wa kudumu, kama vile jua kuchomoza mashariki. Lakini watu hawaripotiani habari za jua. Wanaripotiana nani anaishi wapi, nani anadai nini, nani anaumwa, nani ameahidi. Ni hapo ndipo uchaguzi ulipo, na una maana. Anayesema "her mother lives in Tanga" analichukua jambo kama lilivyo leo, karibu analithibitisha. Anayesema "lived" anaiacha kauli mikononi mwa Asha na katika saa ile aliyoisema. Huenda mama yupo Tanga hadi sasa, huenda amehama. Mwandishi wa habari anaihitaji tofauti hiyo kila siku. Karani anaihitaji. Daktari anayeandika maelezo ya mgonjwa anaihitaji.

Sisemi basi kila mtu aandike apendavyo. Zipo sentensi ambazo kurudi nyuma hakukwepeki. Mtu alisema "I am ill" akaomba ruhusa, jioni nikamkuta Kariakoo ananunua viatu. Siwezi kuandika "he said he is ill", kwa kuwa silibebi neno lake tena. Nitaandika "he said he was ill". Waziri aliahidi kuwa umeme utarudi Jumapili, na Jumapili imepita. Hapo ni "would", hakuna mjadala. Mtoto akipewa mifano ya namna hii anaona mwenyewe kwa nini kitenzi kimehama. Akipewa mshale wa jedwali, haoni kitu.

Kuna madhara mengine ya amri hii ambayo mimi hukutana nayo kila wiki. Kijana amekaririshwa kwamba wakati uliopita huwa "had", basi kila kilichopita anakitia "had". "The driver said that he had left Segera at six, had stopped at Chalinze and had heard the tyre burst." Kiingereza cha kawaida kingesema "he left Segera at six, stopped at Chalinze and heard the tyre burst", kwa sababu mpangilio wa matukio unajieleza wenyewe. "Had" inahitajika pale tu ambapo bila hiyo msomaji hatajua kipi kilitangulia.

3. Kiswahili cha watoto mmekiacha nje ya mlango.

Mtoto anayeingia darasani kwenu tayari anajua kuripoti. Ameripoti tangu akiwa na miaka mitatu: mama amesema uje, dada amesema hataki. Anazo kanuni kamili kichwani, na kanuni hizo zinafanana na za Kiingereza mahali fulani na kutofautiana mahali pengine. Mwalimu akizionyesha tofauti hizo, nusu ya kazi imekwisha. Badala yake mada inafundishwa kana kwamba mtoto ni ubao mtupu.

Tuanze na wakati. Kwa Kiswahili tunasema "Alisema anaumwa." Kitenzi cha pili kinahesabu wakati kuanzia pale aliposema, hakijali mimi nasimulia lini. Kiingereza huhesabu kuanzia hapa niliposimama mimi, ndiyo maana "was". Mtoto anayeandika "He said he is sick" hajakosa akili wala hajazembea. Ameihamisha kanuni ya lugha yake nzima nzima. Elezeni hilo kwa dakika tano, kwa Kiswahili, na ataelewa.

Chukueni na maswali. "Unakwenda wapi?" inakuwa "Aliniuliza ninakwenda wapi", na mpangilio wa maneno haukuguswa. Kiingereza kinataka mpangilio uhame: "Where are you going?" inakuwa "He asked me where I was going." Kwa hiyo wanafunzi wetu huandika "He asked me where was I going", darasa baada ya darasa, na husahihishwa kila mara bila kuambiwa kosa limetoka wapi. Katika amri tunasema "Alimwambia aondoke", "Alimwambia asiondoke". Kiingereza kinataka "told him to leave", "told him not to leave". Anayeujua ule mwisho wa -e wa "aondoke" anaweza kuambiwa kwa sentensi moja: unapouona huu, kwa Kiingereza tafuta "to".

Linalonikera zaidi ni kwamba jedwali lile sasa limerudi na kuingia katika Kiswahili. Katika baadhi ya vitabu na miongozo ya mitihani ya Kiswahili, hasa nchini Kenya, mwanafunzi anafundishwa kwamba katika usemi wa taarifa -ta- hugeuka -nge-. "Nitakuja" inakuwa "Alisema kwamba angekuja." Huo ni ule mshale wa "will" kwenda "would", uliovishwa kanzu ya Kiswahili. Msikieni mtu wa Mwembe Tayari au wa Ilala: "Alisema atakuja." Ukimwambia "Alisema angekuja", atakuuliza kilichomzuia ni nini, kwa sababu -nge- hubeba jambo lenye sharti, na mara nyingi jambo ambalo halikuwa. Mtoto anayezungumza Kiswahili fasaha anakosa alama za Kiswahili kwa sababu ya kanuni ya Kiingereza, tena kanuni ambayo hata kwa Kiingereza si amri. Hili naliomba liondolewe kabla ya mengine yote.

4. Vitenzi viwili havitoshi.

Wanafunzi wanatoka shuleni na "said" na "told", pamoja na ile kanuni ya kugeuza "said to" kuwa "told". Lakini watu hawasemi tu. Wanakiri, wanakana, wanadai, wanaonya, wanaahidi, wanatishia, wanapendekeza. Kila kitenzi cha Kiingereza cha aina hii kina umbo lake: "admitted taking the money", "denied that he took it", "warned them not to cross", "suggested that we wait". Kijana asiyefundishwa ataandika "he suggested us to wait". Kibaya kuliko sarufi ni hukumu iliyojificha ndani ya kitenzi. Ukiandika "he admitted that he was there", umekubali kuwa alikuwepo na umedokeza kwamba kuwepo kwake kuna walakini. Ukiandika "he claimed", umemtilia shaka. Wakati mwingine yeye alisema tu.

5. Uzito wa jambo hili uko mahakamani kuliko darasani.

Kwa miaka mingi katika mahakama za Tanzania zilizo juu ya Mahakama za Mwanzo, shahidi alitoa ushahidi kwa Kiswahili na hakimu akauandika kwa Kiingereza. Tena Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inaelekeza kwamba kwa kawaida ushahidi uandikwe kama masimulizi, si swali na jibu. Kwa maneno mengine, kumbukumbu ya kesi ni ripoti ya maneno ya mtu, mara nyingi ndani yake kuna maneno ya mtu mwingine, na yote yamevuka kutoka lugha moja hadi nyingine. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, na nalishukuru. Lakini Kiingereza bado kinaruhusiwa katika mazingira fulani, mafaili ya zamani yapo, na huko Kenya lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa ni Kiingereza. Kila siku kuna mtu anavusha maneno ya mwenzake kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Chukueni sentensi moja ya shahidi mwanamke: "Alisema atanipiga nikirudi." Kwa Kiingereza ni "He said he would beat me if I went back." Sawa kabisa. Sasa mpeni kijana aliyelelewa na jedwali aitafsiri irudi Kiswahili. "Would" ni -nge-, basi ataandika: "Alisema angenipiga kama ningerudi." Kilichokuwa tishio linalomsubiri mwanamke nyumbani kwake kimekuwa jambo la kudhania, lililokwisha kupita. Hakuna aliyedanganya, na hakuna neno ambalo kanuni za shuleni zingelikata. Ila hatari imetoka kwenye karatasi.

Au chukueni hii: "Asha alimwambia Rehema kwamba amepoteza funguo." Nani kapoteza? Ndani ya nukuu lingekuwa wazi, "nimepoteza" au "umepoteza". Ikishakuwa taarifa, haijulikani, wala kwa Kiingereza "she had lost the keys" haijulikani. Na ikiwa ni daktari aliyemwambia muuguzi kwamba amekosea, Kiingereza kitadai pia uchague "he" au "she", jambo ambalo Kiswahili hakikudai. Ripoti nzuri huitengeneza sentensi upya ili mwenye kosa ajulikane. Sijaona zoezi hata moja la mada hii linalomtaka mwanafunzi afanye hivyo.

6. Kuhusu wingi wa wanafunzi.

Nalitaja kwa kuwa najua litakuwa jibu lenu la kwanza, na ni jibu la haki. Darasa lina watoto themanini au zaidi, mtihani unasahihishwa kwa maelfu, na sentensi ya kugeuza ina jibu moja linaloonekana upesi. Ninaielewa shida hiyo. Lakini muktadha hauhitaji insha. Swali linaweza kusema: Jumatatu saa tatu asubuhi, mwalimu mkuu akiwa Moshi aliwaambia wanafunzi, "The bus will leave from here tomorrow." Leo ni Ijumaa, na wewe upo Arusha. Andika alichosema. Hilo nalo lina jibu fupi, linasahihishika haraka, na haliwezekani bila kufikiri. Darasani nako gharama ni sifuri: mtoto mmoja amnong'oneze wa pili, wa pili atoke nje amweleze wa tatu, wa tatu arudi aripoti mbele ya wote, kisha wa kwanza aseme kama ndivyo alivyosema.

Ninachoomba, basi, ni haya. Toleo lijalo la vitabu liondoe zoezi lolote la kauli ya taarifa lisilotaja nani kasema, kwa nani, wapi, lini, na nani anaripoti akiwa wapi. Miongozo ya usahihishaji ikubali "lives" na "lived" pale ambapo zote mbili ni sahihi, na maelekezo hayo yatumwe kwa walimu kwa maandishi, kwa sababu mwalimu wa shule ya kata hathubutu kukubali jibu ambalo mwongozo umelikataa. Mwalimu aruhusiwe waziwazi kufundisha mada hii kwa kulinganisha na Kiswahili, bila kuogopa mkaguzi atakayemkuta anaongea Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza. Vitenzi vya kuripoti vipewe sura yao, visiwe sanduku dogo chini ya ukurasa. Na wenzenu wa Kiswahili waifute ile kanuni ya -ta- kuwa -nge-, pamoja na kurejesha alama katika mitihani ya majaribio ambayo bado iko mikononi mwa shule.

Nipo tayari kuketi na kamati yoyote mtakayoiunda, nije na kurasa za habari zenye makosa haya, majina yakiwa yamefutwa, tuzipitie mstari kwa mstari. Wapo wakalimani wa mahakama na wahariri wenzangu walio tayari kuja pia, bila posho. Naomba jibu lenu nalo liwe la wazi, na litoke kabla vitabu vya mwaka ujao havijapelekwa kiwandani kuchapwa.

Wenu katika kazi ya lugha,

Mhariri wa habari na mlezi wa mwanafunzi wa Kidato cha Pili,
Dar es Salaam